Kitufe Kisicho na Jina

Asubuhi ile mjini Oulu, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
niliingia kazini na kiburi mfukoni:
chombo cha kukagua kilinipa tisini na nane kwa mia,
alama za kijani zimejipanga kama miche kitaluni.
Tovuti ya zahanati ya mtaa, jasho langu la miezi mitano.
Niliagiza keki kabla ya mtihani.

Aune Kettukangas akaja, akapangusa theluji mabegani,
akauliza kiti kiko wapi, akaketi,
na jambo la kwanza alilofanya
ni kuzima skrini.
"Inakula umeme bure," alisema.

Sauti ikaanza, kasi,
kama mahindi yanayopukuchuliwa,
mimi nikidaka neno moja katika kumi,
yeye akiitikia kwa kichwa, vidole juu ya kibodi:
Kiungo. Kiungo. Kitufe. Kitufe. Kitufe.
Picha elfu mbili mia nne kumi na saba.
Kitufe.

"Vitufe vyako," akauliza, "havikubatizwa?"

Nikataka kumwambia: kile cha tatu, kile cha buluu,
chenye mshale mdogo, mbona kinaonekana wazi.
Neno likanikwama kama mwiba wa samaki.
Kinaonekana.

Akabonyeza cha kwanza, kikamrudisha mwanzo.
Akabonyeza cha pili, kalenda ikafunguka,
ikammeza, ikakataa kumtapika;
akaizunguka Februari nzima, siku baada ya siku,
akitafuta pa kutokea.
Dakika ya sita mfumo ukatangaza kwa adabu:
Muda wako umekwisha.
Mara tatu.
Mara ya tatu akamega keki.
"Dawa yangu ya moyo," alisema, "huwa naagiza kwa simu.
Wananipigia muziki nusu saa."

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama.
Wahenga hawakukutana na mimi.

Mchana alikuja Ilpo, anayeendesha kigari chake kwa kidevu
na kuandika kwa kijiti alichokiuma.
Alama ya kufungia dirisha,
kijisalaba changu chembamba nilichokipenda,
ilimkwepa kama inzi.
Akalenga. Ikamkwepa. Akalenga.
Alitokwa jasho, na nje mto mzima umeganda.
Niliangalia viatu vyangu.

Kazi yenyewe, ukiniuliza, haikuwa na utukufu:
maneno mawili hapa, "Agiza dawa",
kijivu kikakolezwa,
kijisalaba kikanenepa mpaka kikawa kama kifungo cha koti,
saa ikafundishwa kuuliza: Bado upo? Nikuongezee muda?
Kalenda tuliitupa. Tukaweka kisanduku, mtu aandike tarehe yake.
Ilinichukua wiki sita kuijenga ile kalenda.
Kuing'oa, dakika tisini, na kahawa katikati.

Ijumaa Aune akarudi.
Akaagiza dawa kwa dakika moja na sekunde arobaini.
Hakunipongeza. Akapanda tena juu ya ukurasa,
mpaka kwenye ile elfu mbili mia nne kumi na saba.
"Ni picha ya nini?"
"Jengo la zahanati."
"Liandike basi. Liandike nilione."

Nikaandika: Jengo. Nikafuta.
Jengo la matofali mekundu, asubuhi.
"Mlango uko wapi?"
Katikati.
"Na mtu anaufikiaje?"

Nikaisogelea skrini.
Picha hiyo nimeipunguza, nimeikata kingo,
nimeiongezea mwanga ipendeze,
sijawahi kuisoma.
Nikahesabu kwa kidole, kwa sauti.
Nyuma yangu Ilpo akacheka puani,
kicheko cha mtu aliyelijua jibu miaka na miaka.

Ukifika pale leo, kisoma-skrini kitakuambia:
Zahanati ya matofali mekundu. Ngazi ya vidato saba,
imeshika barafu. Kushoto, hakuna mteremko.
Kulia, hakuna.